Mlipakodi asiye na kura aonyeshwe risiti

Swali lenu la wiki limeuliza kama ni haki vyama vya siasa vya ngazi ya Ulaya, yaani miungano ya vyama vya nchi mbalimbali, kupewa ruzuku kutoka bajeti ya Umoja wa Ulaya, na kama uwazi uliopo unatosha. La kwanza najibu ndiyo. La pili, bado.

Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi na kulipa kodi Ujerumani. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya sina kura. Hata nikitaka kukichangia chama cha Ulaya kwa hela yangu siruhusiwi: kanuni za Umoja wa Ulaya zinakataza michango ya raia wa nje asiye na haki ya kupiga kura hiyo. Katazo hilo naliunga mkono, maana linazuia matajiri wa nje kununua vyama. Lakini Ujerumani ndiyo inayochangia zaidi bajeti ya Umoja, kwa hiyo jasho langu linafika kwenye vyama hivyo nitake nisitake. Nilichobakiwa nacho ni haki ya kuona linavyotumika.

Kwenye mapato wamefanya kazi nzuri. Hakuna anayeruhusiwa kuchangia chama zaidi ya yuro 18,000 kwa mwaka, mchango usio na jina haupokelewi, na anayetoa zaidi ya 3,000 jina lake hutangazwa.

Matumizi ndiyo yanayonikera. Chukueni kisa cha ADDE, chama cha Ulaya kilichotawaliwa na UKIP, chama cha Uingereza kilichotaka nchi hiyo ijitoe kwenye Umoja. Ruzuku haikuruhusiwa kugharimia vyama vya kitaifa wala kampeni za kura ya maoni. Wakaguzi wakakuta imelipia tafiti za maoni ya wapigakura katika majimbo ambayo UKIP ilikuwa ikiyawania mwaka 2015, likiwemo South Thanet alikogombea kiongozi wake, Nigel Farage. Chama kilikana kosa. Novemba 2016 Bunge la Ulaya likasema zaidi ya yuro 500,000 zilitumika isivyostahili, likataka karibu 173,000 zirudishwe.

Yaliyofuata yaniuma zaidi. Mwaka 2019, ADDE ikiwa tayari kwenye ufilisi, Mahakama ya Umoja ilibatilisha uamuzi huo. Sababu? Kati ya walioamua, yaani Rais wa Bunge na makamu wake, wanasiasa wa vyama vingine, mmoja alishakishutumu chama hicho hadharani kabla ya kikao. Mahakama ilifanya sawa kabisa. Huwezi kumpa mshindani kazi ya kukagua mfuko wa mwenzake halafu ukategemea watu waamini haki imetendeka.

Ipo Mamlaka huru inayosajili vyama hivi na kuviadhibu, lakini ruzuku yenyewe bado inaidhinishwa na haohao viongozi wa Bunge. Kazi hiyo ihamishiwe kwa Mamlaka. Pia ripoti za ukaguzi zinazochapishwa hutaja mafungu tu: mishahara, mikutano, habari na machapisho. Ndani ya fungu kama hilo la mwisho utafiti wa South Thanet unaweza kupita bila msomaji wa kawaida kuushtukia. Kila utafiti na kila tangazo lililolipiwa kwa ruzuku liwekwe wazi lenyewe: bei, kampuni iliyopewa kazi, mahali ilipofanyika, na ndani ya wiki chache, si baada ya uchaguzi kupita. Mpigakura wa South Thanet alistahili kujua mapema nani anagharimia utafiti jimboni kwake.