Jibu: Kuunganisha vikundi vya mrengo wa kushoto Nairobi

Salaam, komredi. Umeeleza kwamba vikundi vyenu, vingine vya kisoshalisti na vingine vinavyopinga mauaji ya polisi mitaani, hukutana na kutawanyika vikizozana juu ya itikadi. Kwanza angalieni kama kikao huanza na madai au huanza na suala la nani atakuwa mwenyekiti, kwani kwa niliyoyaona, hapo ndipo miungano mingi huvunjikia. Sisi tulibandika karatasi ukutani, kila kikundi kikaandika madai yake, kisha tukabakisha yale tu ambayo wote walikuwa tayari kuyatolea watu na nauli. Dai la kupinga ushuru wa nyumba, yaani makato ya mishahara ya kujengea nyumba za bei nafuu, lilibaki, msimamo kuhusu uchaguzi ukaondolewa, ingawa uamuzi huo uliwauma sana baadhi yetu. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha, uliopendekeza kuongeza kodi, uliwakusanya watu wasiofahamiana kwa kuwa dai lilikuwa moja, mswada ukataliwe, na tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Baadaye wengine walidai ajiuzulu na wengine wakakubali mazungumzo. Kwa hiyo kubalianeni mapema dai la pili ni lipi, na fedha za wafadhili zijadiliwe mbele ya wote.