Ni akili au ni mwili? Maswali ya wasomaji

Moyo unanienda mbio, silali, na nimekonda ingawa ninakula vizuri. Kliniki iliniambia ni wasiwasi; dada yangu anasema ni tezi. (Masaka)

Tezi ya shingo inapofanya kazi kupita kiasi humtia mtu jasho, hofu na ukosefu wa usingizi, hata asitofautike na mwenye maradhi ya wasiwasi. Hata hivyo, kukonda huku hamu ya chakula ipo kunanifanya niitilie shaka tezi kwanza. Nyosha mikono mbele, vidole vimetanuliwa, kisha mtu akulazie karatasi juu yake: kingo zake zikitetemeka upesi upesi, una jambo la kumwonyesha daktari, ingawa hofu nayo hutetemesha mikono. Kinachoamua ni kipimo cha damu cha homoni za tezi, kiombe.

Kwa nini mwanangu mwenye kifafa anapelekwa kliniki ya afya ya akili, ilhali hana wazimu? (Kitgum)

Uchungu wako naujua, mzee wangu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, lakini hapa Uganda madaktari wa neva ni wachache, kwa hiyo mara nyingi wahudumu wa afya ya akili ndio wanaoutibu. Mpaka wenyewe kati ya neva na akili haujanyooka hata vitabuni: orodha ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika mwaka 2022, ICD-11, inaweka maradhi ya Alzheimer katika sura ya neva, lakini usahaulifu wa uzeeni unaoletwa na maradhi hayohayo umo katika sura ya akili. Mtoto asikose dawa kwa ajili ya kibao cha mlangoni.

Mjomba ameanza kuweweseka tangu jana, na ana homa. Tumpeleke Butabika, hospitali ya akili? (Jinja)

Hapana, mpelekeni leo hii hospitali ya karibu. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au sukari iliyoshuka huweza kuua kwa saa chache.

Vipimo vyote ni safi, nikaambiwa ni "mawazo tu". (Kampala)

Hilo neno "tu" ndilo linaloniudhi. Kulikuwa na wazimu wenye kupooza uliojaza hospitali za akili za Ulaya, na mwaka 1913 watafiti Noguchi na Moore wakakuta vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa waliokufa nao. Kwa upande mwingine, sonona huleta maumivu ya kweli ya mgongo na tumbo bila kidonda chochote. Muulize daktari amepima nini hasa, na ukubali kutibiwa sonona wakati uchunguzi ukiendelea.