Re: Kanji nianze lini?
Ndugu, umeuliza kama usubiri umalize sarufi yote ya mwanzo ya Kijapani ndipo uguse kanji, yaani zile herufi zenye asili ya Kichina ambazo kila moja hubeba maana. Usisubiri. Tangulia na hiragana na katakana, zile seti mbili za herufi za sauti, herufi 46 za msingi kila upande, mpaka uzisome bila kusitasita. Ukifika hapo anza kanji mara moja, sambamba na msamiati.

Maandishi ya Kijapani hayaachi nafasi kati ya maneno, na maneno mengi yanafanana kwa sauti. Kami inaweza kuwa karatasi (紙), nywele (髪) au mungu (神). Kwenye sentensi ndefu ya hiragana tupu utahangaika kujua neno linaishia wapi; kanji inakuonyesha papo hapo.

Ila tafadhali usikariri matamshi yote ya kila kanji. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na inaniuma kuona hivyo. 生 ina matamshi mengi mno. Ukiyabeba yote kwa mkupuo yatakuponyoka yote. Jifunze 学生 (gakusei, mwanafunzi), kisha 先生 (sensei, mwalimu), na "sei" itakaa kichwani yenyewe. 生きる (ikiru, kuishi) utakutana nayo baadaye.

Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina 2,136, na watoto wa Japani wenyewe hufundishwa 1,026 kwa miaka 6 ya shule ya msingi. Kwa hiyo chache kila siku zinatosha, mradi usikatize. Za mwanzo ziandike kwa mkono pia, ili uzoee mpangilio wa kuchora mistari ya kila kanji.