Saa ya nani? Kwa wanaoanza fizikia ya kisasa

Waliokutangulia watakutisha kwamba kozi hii ni ngumu. Hisabati ya mwanzo ni vipeuo vya pili na kugawanya tu. Kinachoangusha watu ni kukimbilia fomula kabla ya kuuliza: saa ya nani?

Mimi nilianguka kwenye myuoni. Hizi ni chembe zinazozaliwa kiasi cha kilomita 15 juu yetu, miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa. Myuoni iliyotulia huishi wastani wa mikrosekunde 2.2. Swali likasema inakwenda kwa asilimia 99.8 ya kasi ya mwanga; itafika umbali gani? Madesa yalishanifundisha kwamba gama (namba inayosema mwendo unabadili saa na rula mara ngapi) hapo ni karibu 16, nikachukua 2.2 nikaigawa kwa 16. Myuoni yangu ikafa baada ya mita 40 na kitu, na mimi nikafunga karatasi nimeridhika! Wakati zinafika hadi huku chini, zinatupita mwilini muda wote.

Ile 2.2 ni saa ya myuoni yenyewe. Sisi tuliosimama chini tunaiona saa hiyo ikijikokota, kwa hiyo unazidisha: mikrosekunde 35, kilomita 10 na ushee. Ukipanda mgongoni mwa myuoni, saa iko sawa kabisa, ila zile kilomita 10 zimesinyaa hadi mita 660 hivi. Siku hizi kabla ya kugusa kikokotoo naandika pembeni: saa ya nani, rula ya nani.

Upande wa kwanta, kaa sana na athari ya fotoelektriki, yaani mwanga kung'oa elektroni kwenye metali. (Hiyo ndiyo iliyotajwa kwenye Nobel ya Einstein ya 1921, si rilativiti, yaani yale mambo ya saa na rula, ingawa zote mbili aliziandikia mwaka 1905.) Zinki hudai takriban elektronivolti 4.3 (kipimo kidogo cha nishati) ndipo iachie elektroni. Fotoni, yaani kifurushi kimoja cha mwanga, ya mwanga mwekundu wa nanomita 650 ina 1.9. Washa taa nyekundu hata mia, hutoki na kitu, maana elektroni haichangiwi kama harusi: fotoni moja, elektroni moja. Leta urujuanimno wa nanomita 250, hata uwe hafifu. Fotoni yake ina karibu 5, elektroni inatoka na chenji ya 0.7. Ukiongeza ung'avu, elektroni zinazotoka zitakuwa nyingi zaidi, lakini chenji ya juu kabisa inabaki ileile. Watunga pepa wanapapenda hapo.

Na ukitafuta nishati ya fotoni, usihangaike na konstanti ya Planck, 6.63 × 10⁻³⁴, kila mara. Gawa 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, jibu linakuja moja kwa moja kwa elektronivolti.