Albamu ya mwisho ya Emperor, ile bendi ya black metal (roki nzito) ya Norway, ni ipi?
Hapana mkuu, hiyo IX Equilibrium ya 1999 uliyosema ndo ya mwisho ni ya tatu tu. Ya mwisho ni Prometheus: The Discipline of Fire & Demise, ilitoka 2001 na ndo bendi ikavunjika hapo. Muziki wote katunga Ihsahn mwenyewe, mwimbaji na mpiga gita wao, na ukisikiliza unaona kabisa jamaa kashahama kimawazo, maana wenzake Samoth (gita) na Trym (ngoma) wao walikua wanataka death metal, aina nyingine ya metal, wakaenda zao na bendi yao ya Zyklon. Siku hizi wanapanda tena jukwaani ila albamu mpya hakuna. Mi mwanzo ilinishinda, magita yamejazana mpaka kichwa kinauma, we ipe muda tu, usiku, na hedifoni nzuri, sio spika ya simu aisee