Kreatinini imeshuka, lakini usiwapigie ndugu simu bado

Mwaka wangu wa pili nikiwa muuguzi wa ICU, nilimwambia mama mmoja kwamba figo za mumewe zimeanza kurudi. Nilikuwa nimeshika majibu ya asubuhi: jana yake kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ilikuwa 540, leo 260. Alinishika mkono, akatoka kwenye korido, nikamsikia akiwapigia wanawe mmoja baada ya mwingine. Kilichonipita ni kwamba usiku ule mgonjwa alikuwa amewekwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa saa nne. Namba ilishushwa na mashine, figo bado zilikuwa zimelala. Kesho yake ilikuwa 410, na yule mama akaniuliza, "Sista, si ulisema anapona?"

Swali lile sijalisahau. Kama una mtu wako ICU na umeambiwa figo zimeumia ghafla, haya ndiyo ninayotamani ningemwambia yule mama siku ya kwanza.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo zinazoitoa kwa njia ya mkojo. Figo zikiumia, taka hiyo hujilimbikiza kwenye damu. Tatizo ni kwamba hujilimbikiza polepole. Figo zinaweza kuumia leo jioni, pengine kwa presha iliyoshuka mno au maambukizi yaliyosambaa mwilini, na namba isisogee sana hadi siku moja au mbili zipite. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kreatinini si wingu, ni maji yaliyokwisha kuingia ndani ya nyumba.

Tena inadanganya kwa namna mbili. Mgonjwa aliyepewa dripu nyingi akavimba mikono na uso ana maji mengi mwilini, kwa hiyo kreatinini yake inazimuliwa na kuonekana ndogo kuliko ilivyo. Na mgonjwa mwembamba, au aliyelala wiki kadhaa misuli ikayeyuka, hana misuli ya kutosha kuitengeneza. Bibi wa kilo 42 akiwa na 90, karatasi ya maabara haitaweka alama yoyote kwenye namba hiyo, kumbe kawaida yake ni 45 na sasa imekuwa maradufu.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalowaomba ndugu ni majibu ya zamani. Tafuteni kwenye droo, kwenye simu, kwenye bahasha ya kliniki ya presha au kisukari. Mwongozo wa mwaka 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, unahesabu kuwa figo zimeumia ghafla ikiwa kreatinini imepanda mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au imefikia mara 1.5 ya kawaida ya mtu huyo ndani ya siku 7. Ikifika mara 3, hiyo ni hatua ya tatu, iliyo kali kuliko zote. Sasa bila kuijua kawaida yake, daktari anakisia. Karatasi moja ya mwaka jana inaweza kubadilisha mazungumzo yote ya asubuhi hiyo. (Maabara nyingine huandika kwa miligramu kwa desilita, 1 huko ni kama 88 huku. Angalia kipimo kabla ya kulinganisha, nimeona ndugu wakilia kwa sababu ya tofauti hii tu.)

Jambo la pili liko pembeni ya kitanda: mfuko wa mkojo. Mwongozo uleule unaangalia mkojo ulio chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa muda wa saa 6. Mtu wa kilo 70 anatakiwa atoe angalau mililita 35 kila saa. Huhitaji elimu ya tiba kuuliza, "Tangu usiku ametoa kiasi gani?" Mara nyingi mkojo hupungua kabla kreatinini haijasema lolote, na pia hurudi kabla haijashuka.

Siku hizi ndugu wanakuja wamesoma mtandaoni kuhusu vipimo vipya. Vipo kweli. Sistatini C ni protini inayotolewa na karibu seli zote za mwili, kwa hiyo haitegemei sana misuli, ingawa dawa za steroidi na matatizo ya tezi ya shingo huivuruga. NGAL, protini nyingine, hupanda saa chache tu baada ya figo kuumia, ila hutolewa pia na chembe nyeupe za damu, na mgonjwa mwenye maambukizi makali anaweza kuwa nayo juu hata kama si figo zinazolia. Kingine hupima protini mbili za kwenye mkojo, TIMP-2 na IGFBP7. Marekani ilikiruhusu mwaka 2014. Vyote vinasaidia kumtambua aliye hatarini mapema. Hakuna hata kimoja kinachoweza kukuambia peke yake kama baba ataamka. Hospitali isipokuwa navyo, msiuze kitu ili damu ikapimwe kwingine. Hatima ya mgonjwa madaktari wanaisoma kwa kuunganisha mambo: umri, viungo vingapi vingine vimelegea, anahitaji dawa ya kupandisha presha kiasi gani, laktati kwenye damu (taka inayoongezeka mwili ukikosa oksijeni ya kutosha) inashuka au imegoma.

Mtakapoambiwa "tunasubiri kwanza" kuhusu kusafisha damu, msifikiri ametelekezwa. Utafiti wa AKIKI wa Ufaransa, uliotoka mwaka 2016, ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliosubirishwa hawakuhitaji mashine kabisa. Mwaka 2020 ukaja utafiti mwingine, STARRT-AKI, wenye wagonjwa karibu 3,000 kutoka nchi mbalimbali: walioanzishwa mapema na waliosubiri hawakutofautiana kwa vifo katika siku 90. Wasiosubiri ni wale ambao potasiamu imepanda hadi kutishia moyo, damu imekuwa na asidi kali, au maji yamejaa mapafuni na dawa hazisaidii. Uliza hivi: "Ni kitu gani kikitokea ndipo mtaanza?" Daktari mzuri atakujibu moja kwa moja.

Yule baba mashine ilimsaidia kwa siku 11. Siku ya tisa niliona mililita 40 kwenye mfuko, mkojo wa rangi ya chai. Kesho yake 300. Mkewe hakuwa anauliza tena namba ngapi. Alikuwa anaanza na, "Jana alikuwa kwenye mashine?" kisha anainama kuutazama mfuko, na mwisho ndipo anauliza kreatinini.

Alipotoka wodini ilikuwa 78, wakati majibu yake ya zamani yalisema 95. Wanawe walisema figo zimekuwa bora kuliko mwanzo. Nikamfunulia mama shuka, nikamwonyesha mapaja ya mumewe: ngozi ilikuwa inaning'inia, misuli imekwisha. Namba ile ilitokana na miguu hiyo. Nikamwandikia kwenye karatasi ya ruhusa tarehe ya kurudi kupimwa baada ya miezi mitatu, damu na mkojo, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mumewe asimeze dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni bila kumuuliza daktari. Aliikunja mara nne, akaiweka pamoja na ile ya mwaka jana.