Kabla hujamleta Jack Russell nyumbani
Hapa Moshi watu wakimwona Jack wangu, mbwa wa aina ya Jack Russell, swali ni lile lile: huyu bado anakua? Hakui tena. Ana sentimita 30 hivi begani na uzito wa kilo sita. Ila usidhani kwa udogo huo atatulia kibarazani.

Mbwa hawa asili yao ni Uingereza, karne ya 19, kwa kasisi John Russell aliyewataka waingie shimoni wamfurushe mbweha. Ndiyo maana wanachimba, wanabweka na hawachoki. Kwa hiyo ule utaratibu wetu wa kumfungia mbwa bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku haumfai kabisa. Atabweka mpaka jirani agonge geti, na akitoka, kandambili na miche ya parachichi imekwisha.

Mimi natoka naye alfajiri, lami haijashika moto, tunaelekea upande wa msitu wa Rau. Kamba haitoki mkononi, maana akiona kuku hasikii la mtu, na kuku wa kienyeji siku hizi unaijua bei yake.

Lakini kutembea tu hakumtoshi. Kinachomchosha hasa ni pua. Nachukua dagaa wachache, nawaficha mmoja mmoja chini ya majani makavu ya migomba, halafu namwachia. Utamsikia anavuta pumzi kwa kelele, kichwa kimezama kwenye majani, mkia wima unatetemeka. Akimaliza, analala fofofo. Pia nimemtengea kona ya kuchimba na huwa namfukia mpira humo. Sukuma wiki zangu zimepona.

Panya atakukamatia, tena sana, na hapo ndipo pa kuwa macho. Panya aliyekula sumu anaweza kumdhuru mbwa atakayemla, kwa hiyo ongea na majirani mapema. Kuna na homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022: mkojo wa panya unaieneza, mbwa naye huipata na anaweza kuwaambukiza watu. Mwulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo yake, pamoja na ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka. Kupe mkague kila mnaporudi, masikioni na katikati ya vidole.

Kama shida yako ni mlinzi wa geti, chukua mbwa wa kienyeji. Na kama unatoka asubuhi, unarudi usiku, na nyumbani hakuna mtu, Jack mwache kwanza. Huyu anaweza kuishi miaka 13 na zaidi, na kila alfajiri atataka kutoka, mvua za masika zinyeshe zisinyeshe.